Mwanangu Anaokoa Paka kwa Simu, Bibi Yake Akimwita Hasikii

Mjomba, salaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Mlaleo, Kisauni, hapa Mombasa. Nina watoto wawili, mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 7. Tunaishi na mama mkwe wangu ambaye miguu imemchoka na kisukari kimempunguzia macho. Mume wangu anaendesha tuktuk, na mimi nakaanga viazi karai na bajia hapa mlangoni, kuanzia alasiri mpaka magharibi ipite.

Haya yote yaliletwa na kakangu aliye Doha. Aliporudi likizo mwaka jana alimpa mwanangu simu aliyokuwa akitumia yeye, na ndani yake akamwekea gemu moja. Akaniambia, "Dada, hii si ya kuuana kama zile za vijana wa PS (PlayStation). Humu mtoto anaokoa watu na wanyama, anajifunza huruma." Nilifurahi, kwa nini nikufiche. Ni gemu ya mji uliofurika maji. Mchezaji ana mashua, anapita akiwachukua waliokwama juu ya mapaa: wazee, watoto, mbwa, paka, hata punda. Kila anayeokolewa, mchezaji anapata nyota.

Mjomba, mtoto huyu ameokoa mji mzima. Lakini bibi yake akimwita amwekee maji ya udhu, hasikii. Bibi ataita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mimi niliache karai langu motoni nije mbio. Nikimgusa bega ananiambia, "Mama, ngoja kidogo, kuna mtu anazama." Kuna mtu anazama! Na bibi yake ameketi pale, kopo mkononi, adhana ishamalizika.

Nikaona nitumie akili. Nikamwambia kila akimsaidia bibi nitampa dakika 15 za simu. Wiki ya kwanza alikuwa malaika. Sasa bibi akifungua mdomo tu, yeye auliza kwanza, "Dakika ngapi?" Juzi bibi alimtaka amsomee ujumbe, akaambiwa kusoma ni dakika 20. Mama mkwe alicheka, lakini mimi nilimwona uso wake.

Halafu likaja kubwa lao. Mwezi uliopita nilikuta shilingi 300 zimetoka kwenye simu yangu. Namba ya siri aliijua kwa sababu mimi mwenyewe humtuma dukani akalipe. Alinunua mashua kubwa ya uokoaji. Nilipomuuliza hakuficha. Alisema, "Lakini Mama, ile ndogo inabeba wawili tu, na watu walikuwa wengi." Sikujua nicheke au nilie. Mtoto ameiba ili akatoe msaada!

Baba yake alisema gemu zote ni mamoja, za kuokoa na za kuua, zapumbaza watoto, na hiyo simu ataivunja kwa nyundo. Ana mpwa wake Majengo ambaye anashinda kwenye kibanda cha PS na gemu za bunduki, haswali wala hatumwi akaenda. Kakangu naye anapiga simu kusisitiza nivumilie, ati wazungu wamefanya utafiti wakaona watoto wanaocheza gemu za wema huwa wema. Anataka kunitumia shilingi 500 nimnunulie nyingine, ya hospitali, ambapo mtoto anakuwa daktari.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Siku hizi mtoto huyu huyu anafuga kipaka. Alikiokota mtaroni karibu na steji, kichafu, jicho moja limeziba. Amekitandikia kitambaa nyuma ya pipa la maji. Kila asubuhi kabla ya shule anakipa vichwa vya dagaa na kukisafisha jicho kwa maji ya uvuguvugu. Hapati nyota yoyote kwa hilo, wala hajaniomba dakika. Je, hiyo ni kazi ya gemu? Na kama ni ya gemu, mbona bibi hapati fungu lake?

Niambie ukweli, Mjomba. Gemu hizi zinafundisha wema au tunachezewa? Nimwachie, nimnyang'anye, au nimnunulie hiyo ya hospitali?

Mama wa Mwokozi,
Kisauni


MJOMBA ANAJIBU

Waaleikum salaam, Mama wa Mwokozi.

Hapo pa "kuna mtu anazama" nilicheka peke yangu, kisha nikamkumbuka bibi na kopo lake, kicheko kikaisha. Kakako hakukudanganya, ila habari aliyokuletea ni nusu.

Nusu yake ni hii. Mwaka 2010 watafiti Tobias Greitemeyer na Silvia Osswald walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili hili unaloniuliza. Katika jaribio moja waliwagawa watu 54 makundi matatu. Kundi la kwanza lilicheza Lemmings, gemu ya zamani ya vijinyama vinavyotembea kwa foleni bila kuangalia mbele, na kazi ya mchezaji ni kuvizuia visianguke na kufa. La pili lilicheza Tetris, ile ya kupanga matofali, ambayo haina wema wala ubaya. La tatu lilicheza Lamers, ambamo vijinyama vya namna ile ile vinauawa. Mchezo ulipokwisha, mtafiti akajifanya ameangusha mkebe wa penseli. Waliotoka kwenye Lemmings, 12 kati ya 18 waliinama kumsaidia kuokota. Wa Tetris walikuwa 6, wa Lamers 5.

Penseli si kitu, utasema. Nami ningesema hivyo, lakini walifanya jaribio jingine. Mwanamume aliyepangwa aliingia chumbani kwa fujo akijifanya ni mpenzi wa zamani wa yule msichana mtafiti, akampigia kelele na kumvuta mkono. Waliokuwa wametoka kucheza gemu ya helikopta ya kuzima moto na kuokoa watu, 10 kati ya 18 waliingilia kati. Wa Tetris walikuwa 4 kati ya 18. Kumkabili mwanamume mwenye hasira usiyemjua kunataka moyo, kwa hiyo matokeo hayo siyadharau.

Mwaka mmoja kabla yao, kundi la watafiti lililoongozwa na Douglas Gentile wa Marekani lilikuwa limechapisha utafiti wa nchi tatu. Singapore waliwauliza wanafunzi wa sekondari, wakaona wanaocheza zaidi gemu za kusaidia ndio wanaosaidia zaidi katika maisha. Japani waliwafuatilia watoto kwa miezi kadhaa, wakaona waliocheza gemu hizo mwanzoni waliongeza wema baadaye. Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nafasi ya kumchagulia mwenzao mafumbo, mepesi au magumu, na mwenzao akiyamaliza anapata zawadi. Waliotoka kucheza gemu za wema walimchagulia mepesi. Waliotoka kwenye gemu za kupigana walimtilia magumu.

Nusu ambayo kakako hakuipakia kwenye sanduku la Doha ni hii: katika majaribio yale ya penseli na mafumbo, wema ulipimwa papo hapo. Mtu ametoka kucheza, hajainuka kitini, penseli zinaanguka. Hakuna aliyewafuata nyumbani kuona kama waliwasaidia mama zao. Tena mwaka 2013 Morgan Tear na Mark Nielsen wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walifanya majaribio matatu ya aina hiyo. Waliweka gemu za kikatili, waliweka gemu ya kutunza wanyama, waliangusha kalamu. Hawakuona tofauti yoyote. Aliyelea wanyama hakuokota kalamu kuliko aliyetoka kupiga watu risasi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na hili ni la kwangu. Gemu ya wema inapasha mafuta moto, lakini kiazi hakijitii karaini chenyewe. Wewe mkaangaji unajua mafuta yakiachwa yanapoa. Mtoto anayetoka kuokoa watu kwenye simu huenda ana huruma imechemka kidogo kwa dakika chache. Kama katika dakika hizo hakuna anayemhitaji mbele yake, inapoa, na kesho anaanza tena na nyota zake.

Sasa tuje kwa bibi, maana ndiye aliyekufanya uandike.

Mtoto hasikii kwa sababu amezama mwenyewe. Mtu akizama katika jambo, la wema au la upuuzi, masikio hufunga. Baba yake akitazama mpira hali ni hiyo hiyo, muulize mamake. Lakini kuna la ndani zaidi. Kwenye gemu, mwenye shida anapunga mikono juu ya paa, anapiga mayowe, na ukimkosa utaoneshwa mshale wa kukupeleka hadi alipo. Bibi hana mshale. Bibi anakohoa, anapapasa ukutani akitafuta fimbo, anasema "si kitu, mwanangu" na kumbe ni kitu. Kumwona mwenye shida kabla hajaita ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kusaidia watu, na kazi hiyo gemu imemfanyia mtoto wako tangu mwanzo. Hajapata nafasi ya kuijifunza. Wewe ndiye wa kumwambia, kwa sauti ya chini, bila kumgombeza: "Hebu mtazame bibi yako. Unadhani anataka nini sasa?" Mwache akisie. Akikosea akisie tena.

Jambo la dakika 15 lifunge leo. Najua ulilifanya kwa nia njema, na wazazi wengi wanalifanya, lakini linafanya kazi kinyume. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio la watoto wadogo wa miezi 20. Watoto wa umri huo humwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka bila kuombwa na bila kulipwa. Wengine wakaanza kupewa kijizawadi kila wanaposaidia. Zawadi zilipokoma, wale waliolipwa walisaidia mara chache kuliko wale waliosifiwa tu na wale ambao hawakupewa kitu. Malipo yaliwaharibia kile walichokuja nacho duniani. Mwanao sasa amepata mwajiri mara mbili: simu inamlipa nyota, nawe unamlipa dakika. Sisi tulilelewa na "tenda wema nenda zako". Gemu inamwambia tenda wema ungoje hapo hapo uhesabiwe.

Utalifunga vipi? Mwambie biashara ya dakika imekwisha. Simu ina wakati wake, tuseme baada ya kurudi chuo (madrasa) na kabla ya magharibi, na wakati huo hauongezeki akimsaidia bibi wala haupungui asipomsaidia. Asipomsaidia atakuwa na kesi nyingine, si ya simu. Siku za kwanza atagoma. Mwache agome. Na unapotaka aache kucheza, usimkate katikati. Muulize amebakiza nini hatua hiyo iishe, mkubaliane, ikiisha anaweka chini. Gemu nyingi zina hatua fupi, na mtoto anayejua neno lako lina mwisho unaoeleweka hupunguza ubishi kidogo. (Nimesema kidogo. Hata mimi si mchawi.)

Zile shilingi 300 ndizo zilizonikalisha.

Watakuja wa kukwambia amefanya vile kwa huruma, msamehe. Usimsamehe haraka. Mtoto wa miaka 11 anajua wale watu wa juu ya mapaa hawana mama wala jina. Anajua pia pesa zilikuwa za nani. Nia nzuri haiwi sabuni ya kuoshea mkono uliochukua cha mtu. Lakini yale maneno yake, kwamba mashua ndogo inabeba wawili tu na watu walikuwa wengi, usiyapite. Kaa naye umuulize: "Nani aliyeifanya mashua iwe ndogo?" Mpe muda. Waliotengeneza gemu ndio waliotengeneza mafuriko, ndio waliopandisha watu wale juu ya mapaa, na ndio walioamua mashua ya bure ibebe wawili. Wangetaka ingebeba hamsini. Waliiacha ndogo makusudi, ili mtoto mwenye moyo kama wa mwanao aumie, kisha wakaweka kitufe cha kununua kubwa mahali ambapo kidole chake kitafika akiwa bado anaumia. Huruma yake ndiyo imefanywa mtego. Hili nataka alijue sasa angali na miaka 11, kwa sababu akikua watakuja watu wazima wenye picha za wagonjwa kwenye simu na namba ya kutuma mchango, na wengine wao watakuwa matapeli, na atahitaji kujua kuuliza nani aliyeifanya mashua iwe ndogo kabla hajatuma.

Deni alilipe kwa kazi ya biashara yako: kumenya viazi, kusugua karai, kusukuma mitungi ya maji. Kadiria kila kazi thamani yake, andikeni kwenye daftari mpaka 300 zitimie. Hapo malipo yanaruhusiwa kwa sababu hiyo ni kazi. Kumsaidia bibi kusiandikwe kwenye daftari hilo hata siku moja. Tofauti ataiona mwenyewe. Na namba ya siri ibadilishe usiku huu, kabla hujalala.

Kuhusu kipaka. Katika barua yako yote, huyo ndiye niliyempenda.

Kama ni gemu iliyomfanya akiokote, hakuna awezaye kukuhakikishia kwa mtoto mmoja. Lakini kumbuka, katika ule utafiti wa Japani jambo lilikwenda pande zote mbili: gemu za wema zilifuatwa na wema, na watoto wema nao ndio waliokuja kuzichagua gemu hizo. Kakako alimletea gemu ya kuokoa wanyama na akaipenda hivyo. Wangapi wangeicheza siku mbili wakaifuta? Huenda huruma ilikuwako kabla ya simu, na simu iliikuta. Kwa hiyo usiipe gemu sifa yote, wala usiipe lawama yote ya bibi.

Tazama kipaka kina nini ambacho gemu haina. Kinanuka. Kinataka dagaa kesho, na kesho kutwa, hata siku ya mtihani. Jicho halikupona mara moja. Wala hakikumshukuru, paka hawana desturi hiyo. Na yeye anaendelea. Huyo si mtoto wa kukosa huruma, Mama wa Mwokozi, huyo ni mtoto aliyepewa kazi ya kweli na akajiona anaiweza.

Kujiona unaweza ni jambo kubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwavika watu miwani ya kuonesha dunia ya kompyuta. Wengine walipewa uwezo wa kupaa angani kwa mikono yao, wengine wakapanda helikopta kama abiria. Baadhi katika kila upande waliambiwa wamtafute mtoto mwenye kisukari anayehitaji insulini haraka, na wengine waliruka tu kutalii mji. Mwishoni, tena, kalamu zikaangushwa (watafiti hawa na kalamu zao!). Waliopaa wenyewe walisaidia zaidi, hata wale waliokuwa wakitalii. Waliokaa helikopta walisaidia kidogo, hata wale waliompelekea mtoto dawa. Kilichohesabika ni kwamba mtu alijiona ana nguvu.

Sasa nirudi nyumbani kwako. Bibi ana kisukari na macho hayaoni vizuri. Watu wenye kisukari hushauriwa miguu yao ikaguliwe kila siku, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuua hisia nyayoni, mtu akachomwa na mwiba au akabanwa na kiatu asisikie, na kidonda kidogo kikageuka kibaya. Bibi hawezi kujikagua. Mpe mjukuu wake kazi hiyo. Kila jioni, mara tu anapoweka simu chini, mafuta yangali moto, achukue tochi akague nyayo za bibi na katikati ya vidole: kuna mchubuko, malengelenge, wekundu, ufa? Akiona kitu anakuja kwako, nawe unampeleka bibi zahanati. Usimwambie "msaidie bibi". Mwambie wewe ndiye macho ya miguu ya bibi, na bila wewe hatujui. Mtoto anayesafisha jicho la paka asubuhi hawezi kushindwa na hilo jioni. Ila anawe mikono kwa sabuni kwanza, tafadhali, asije akahamisha ya kipaka kwa bibi! Na kipaka chenyewe kikimparua au kumng'ata, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yao.

Umsikilize pia mumeo, maana ana sehemu ya haki. Gemu zote hula wakati, ya kuokoa na ya kuua, na mtoto asiye na mpaka ataliwa na yoyote. Lakini kwamba gemu za bunduki lazima zizae wakatili, hapo asiapie. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na mwenzake Netta Weinstein walichapisha utafiti wa vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakiwauliza wazazi tabia za watoto wao. Hawakuona kwamba waliocheza zaidi gemu za mapigano walikuwa wakali zaidi. Kuhusu mpwa wa Majengo, suala si bunduki zilizomo kwenye gemu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake ni hizi: mtu hawezi tena kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, naye anaendelea hata anapoona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Hakuna neno lolote pale juu ya gemu kuwa ya kuua au ya kuokoa. Kama kijana yuko hivyo, wazazi wake wamtafutie mshauri, nyundo haitamfikia.

Badala ya nyundo, baba yake aketi naye usiku mmoja wacheze pamoja. Mwanawe amfundishe kuendesha hiyo mashua, naye atamfundisha jambo moja au mawili ya kuendesha kitu kwenye maji, maana mvua za masika zikipiga Kisauni dereva wa tuktuk anayajua mafuriko kuliko gemu. Na dada yake wa miaka 7 aingizwe, simu moja, zamu kwa zamu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliotumia Halo 2, gemu ya risasi tupu, ukaona waliocheza upande mmoja wakisaidiana walishirikiana zaidi baadaye kuliko walioshindana. Unayecheza naye ana uzito, pengine kuliko unachocheza. Kijana wako hivi sasa anaokoa ulimwengu peke yake pembeni, na mdogo wake amekaa hapo akimtazama, hajawahi kupewa zamu.

Gemu ya hospitali usinunue. Huyo tayari ana wagonjwa wawili nyumbani. Hizo 500 mwambie kakako azitume hivyo hivyo, umpeleke mtoto na kipaka chake kwa daktari wa mifugo wakaulize chanjo na dawa ya jicho. Zisipotosha, zinazopungua azichangie yeye kwa kumenya viazi, baada ya kumaliza deni la 300.

Mjomba